Kaunti ya Watu 434 Haijafa, Inapimwa kwa Kipimo Kisicho Chake

Mapema Julai 2025, wiki ileile Rais Donald Trump alipotia saini sheria yake kubwa ya bajeti, hospitali ya mji wa McCook, kusini-magharibi mwa jimbo la Nebraska, ilitangaza kwamba itaifunga zahanati yake katika mji mdogo wa Curtis. Uongozi ulitaja hali ngumu ya fedha na makato yaliyotarajiwa katika Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Kwa siku kadhaa zahanati ile ikawa gumzo la taifa zima. Upande mmoja ulisema huo ndio mwanzo wa maangamizi ya vijiji. Upande wa pili ukasema zahanati ilikuwa ikila hasara tangu zamani na sheria inasingiziwa tu. Kisha tarehe 29 Desemba serikali kuu ikatangaza mgawo wa kwanza wa mfuko wa afya vijijini, dola bilioni 50 kwa miaka mitano, uliopachikwa ndani ya sheria hiyohiyo ili kupoza machungu ya makato yanayokadiriwa kupita dola bilioni 900 katika miaka kumi. Mabishano yakaanza upya. Wapo wanaouliza mabilioni yanamwagwaje mahali pasipo watu, na wapo wanaosema fedha hizo ni sanda ya kumvika maiti.

Pande zote mbili zimekubaliana jambo moja bila kulijadili: kwamba kaunti yenye watu wachache katika tambarare za nyasi za Marekani ni mgonjwa mahututi, na kilichobaki ni kuamua kama apewe dawa au aachwe. Kwangu mimi kosa liko hapo hapo. Katika sehemu kubwa ya prairi, yaani tambarare hizo za nyasi, uchache wa watu ni kiwango ambacho ardhi yenyewe imekifikia baada ya wanadamu kujaribu viwango vingine na kushindwa. Kinachoweza kuziua kaunti hizi ni desturi ya kugawa huduma kwa kuhesabu vichwa, mahali ambapo karibu gharama yote imelala katika umbali. Mtu akilielewa hilo, ataudai mfuko huu kwa hoja nyingine kabisa, na atauliza maswali ambayo sasa hivi hayaulizwi.

Chukua kaunti ya Arthur, magharibi mwa Nebraska. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 434 katika eneo la maili za mraba 718, yaani kilomita za mraba zipatazo 1,860. Hiyo ni sawa na mtu mmoja kwa kila kilomita nne za mraba na ushei. Kijiji ni kimoja tu, nacho pia kinaitwa Arthur, chenye watu 128. Ukitoka Ogallala kuelekea kaskazini kwa barabara ya 61 unapita juu ya bwawa la Kingsley, unaliacha ziwa McConaughy mkono wa kushoto, kisha lami inaanza kupanda na kushuka katika vilima ambavyo mgeni hudhani ni vya udongo wa kawaida. Kumbe ni mchanga. Eneo hilo huitwa Sandhills, matuta ya mchanga yanayofunika zaidi ya maili za mraba 19,000, makubwa kuliko yote katika nusu ya magharibi ya dunia, na kinachoyazuia yasipeperuke ni mizizi ya majani peke yake. Nilipopita njia hiyo niliona seng'enge zilizokazwa vizuri, pampu za upepo zikijaza mabirika ya ng'ombe, na majani yaliyokatwa na kufungwa marobota tayari kwa majira ya baridi. Mahali palipotelekezwa huwa na sura nyingine.

Lakini ili kujua kwa nini watu ni 434, lazima kwanza tukiri kwamba nchi hii haikuwa tupu. Makabila ya wenyeji, Wapawnee, Walakota na Wacheyenne, yaliwinda baisani, nyati wa Marekani, katika vilima hivyo kwa vizazi. Katika miaka ya 1870 makundi ya baisani yalimalizwa na wawindaji wa ngozi, Wapawnee wakahamishiwa sehemu ambayo leo ni Oklahoma, na Walakota wakafungiwa katika maeneo yaliyotengwa upande wa kaskazini. Utupu wa kwanza, basi, uliletwa kwa bunduki na amri za serikali. Baada ya hapo serikali hiyohiyo ikataka kuijaza nchi upya kwa sheria. Sheria ya makazi ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kama angekaa na kulima kwa miaka mitano, kipimo kilichofaa mashariki yenye mvua. Huku magharibi, ambako mvua ya mwaka haifiki inchi 20 na udongo ni mchanga, ekari 160 zilikuwa njaa iliyoandikiwa hati. Kaunti ya Arthur ilichorwa kwenye ramani mwaka 1887 na kupewa jina la Rais Chester A. Arthur, ila haikuwa na watu wa kutosha kuunda serikali yake hadi mwaka 1913. Kilichobadilisha mambo katikati ya miaka hiyo ni sheria ya mwaka 1904 ya mbunge Moses Kinkaid, iliyoongeza kipimo hadi ekari 640 katika kaunti 37 za Nebraska. Watu wakamiminika. Miongoni mwao walikuwemo Wamarekani weusi walioanzisha makazi ya DeWitty katika kaunti ya Cherry, familia zilizotafuta ardhi yao wenyewe, isiyo ya bwana wa kuwapangishia. Kufikia mwaka 1920 Arthur ilikuwa na watu 1,412.

Idadi hiyo haikudumu, na sababu yake ni ya malisho. Katika mchanga ule ng'ombe mmoja na ndama wake huhitaji ekari kumi au zaidi, kwa hiyo ekari 640 zilitosha makumi machache ya ng'ombe, mifugo ambayo haiwezi kulisha familia, kuisomesha na kulipa deni la benki. Waliojaribu kulima walikuta plau ikifungua tumbo la kilima na upepo ukichota mchanga hadi kubaki shimo. Wengi waliuza kwa jirani mwenye mtaji, jirani naye akaunganisha vipande viwili, vitano, kumi, mpaka akapata ranchi inayolipa. Trekta na lori zikafuata, kazi ya watu sita ikafanywa na wawili. Waliobaki walijifunza kuishi na kilichopo. Mwaka 1928, kwa kuwa hapakuwa na miti ya kupasua mbao, watu wa kijiji cha Arthur walijenga kanisa kwa marobota ya majani makavu, wakalipiga lipu, na jengo lile lingali limesimama hadi leo.

Anayetaka kuthibitisha kwamba kaunti inakufa huanza mchoro wake mwaka 1920, na kweli mstari unaporomoka: kutoka 1,412 hadi 513 mwaka 1980. Tatizo ni kwamba kilele hicho kilitengenezwa na sheria iliyokosea kuisoma ardhi. Anza hesabu mwaka 1990 uone: watu 462. Mwaka 2000, 444. Mwaka 2010, 460. Mwaka 2020, 434. Pungufu ya watu 28 katika miaka thelathini, ambayo ndani yake kulikuwa na ukame mara kadhaa na kupanda na kushuka kwa bei ya ng'ombe. Nakubali kwamba katika idadi ndogo namna hii familia tatu zikihama zinaonekana kwenye takwimu, na kwamba wazee ni wengi. Hata hivyo, kitu kinachokufa hakitulii kwenye nambari moja kwa kizazi kizima. Na kuna faida ambayo mchoro hauonyeshi kabisa. Prairi ya majani marefu upande wa mashariki, Iowa na Illinois, ambako watu walijaa na udongo ukakubali jembe, imebaki chini ya asilimia 4 ya ilivyokuwa. Sandhills bado ni miongoni mwa nyika za majani zilizo nzima zaidi duniani katika ukanda wa baridi ya wastani, na chini yake kuna sehemu kubwa ya maji ya hifadhi ya Ogallala, ambayo takriban theluthi mbili yake iko chini ya Nebraska. Walioyatunza majani hayo ni hao wachache.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba uchache wa watu peke yake hauelezi umaskini. Kaunti ya Ziebach huko South Dakota nayo ina watu wachache mno kwa eneo lake, lakini karibu yote iko ndani ya maeneo waliyofungiwa Walakota, na imetajwa mara nyingi miongoni mwa kaunti maskini kabisa Marekani. Majani yanafanana, baridi ni ileile, msongamano wa watu hautofautiani sana. Tofauti ni nani alipewa ardhi, nani alinyang'anywa, na nani anaweza kukopa kwa dhamana ya alichonacho. Anayeziweka kaunti hizi mbili katika kapu moja la "vijiji vinavyokufa" amejinyima sababu za zote mbili.

Sasa tuzitazame hoja za wanaotaka kaunti hizi zipunguzwe, kwa sababu si hoja za kipuuzi. Iliyo na nguvu zaidi ni ya kiutawala. Nebraska ina kaunti 93 kwa watu wapatao milioni mbili. Mipaka yake ilichorwa enzi za farasi, mtu alipohitaji kufika kwa karani na kurudi nyumbani kabla giza halijamkuta njiani. Leo kuna gari na intaneti. Kwa nini watu 434 wawe na serikali yao, mahakama yao, mkuu wao wa polisi? Iunganishwe Arthur na Keith, jirani wa kusini mwenye watu zaidi ya 8,000, na kodi ya ardhi itashuka. Kodi hiyo ni mzigo wa kweli. Shule za Nebraska huitegemea mno, na ilimlazimu Gavana Jim Pillen kuitisha kikao maalumu cha bunge la jimbo mwaka 2024 kwa ajili yake tu. Mfugaji mwenye ardhi nyingi na fedha taslimu kidogo huihisi kuliko mtu yeyote.

Ninaiheshimu hoja hii, ila nikiifuata hadi mwisho naiona ikiishia pabaya. Gharama kubwa za kaunti ya mashambani ni barabara na shule. Unganisha kaunti mbili leo, kesho barabara ni ndefu vilevile, theluji ni ileile, na polisi bado ataendesha maili zilezile kumfikia mfugaji aliyeibiwa. Kinachookolewa ni mishahara ya ofisini, na hiyo ilikwisha kubanwa zamani: sheria za Nebraska zinaruhusu karani mmoja wa kaunti ndogo awe pia karani wa mahakama, msimamizi wa uchaguzi na mtunza hati za ardhi, na zinaruhusu kaunti jirani kushirikiana afisa mmoja. Kwa upande mwingine, watu 434 wakichanganywa na zaidi ya 8,000 hawatakuwa na kura ya kuamua barabara ipi ifagiliwe theluji kwanza. Na uamuzi wa kuunganisha haurudi nyuma. Mwaka 2005 bunge la Nebraska lilipitisha sheria ya kuvunja wilaya ndogo za shule za msingi za vijijini na kuziingiza katika wilaya kubwa. Wananchi walikusanya saini, wakapiga kura Novemba 2006, wakaifuta sheria. Walishinda, lakini wilaya zilikuwa zimekwisha kuvunjwa miezi kabla ya kura hiyo. Ushindi ule haukuwarudishia shule zao.

Tena, kupunguza ukubwa wa kitu si sawa na kukifuta, na Nebraska ilikwisha kuonyesha namna ya kufanya hivyo. Mwaka 1934 mwalimu Stephen Epler aliona shule ndogo haziwezi kupata wachezaji kumi na mmoja wa futiboli ya Kimarekani. Akabuni mchezo wa wachezaji sita, ukachezwa mara ya kwanza katika mji wa Hebron. Shule ya Arthur bado inacheza mchezo huo. Hapo kanuni zilikatwa zikawatosha watu waliopo, na hakuna aliyesema watoto wale si wanamichezo. Swali langu kwa wanaopanga afya na utawala ni kwa nini busara ya mwaka 1934 iliishia uwanjani.

Hoja ya pili ni ya fedha: kwamba miji inawalipia watu wa mashambani. Kwa barabara, posta na hospitali ni kweli, na sioni haja ya kuficha. Ila hesabu hiyo husimama nusu ya safari. Ndama huzaliwa Sandhills majira ya kuchipua, huuzwa vuli, hupelekwa katika mazizi ya kunenepeshea yenye mahindi kwenye bonde la mto Platte, kisha huchinjwa katika viwanda vya nyama. Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Lexington, Nebraska, chenye wafanyakazi wapatao 3,200, katika mji wa watu kama 11,000. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba ng'ombe wamekuwa haba: Januari 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951, baada ya miaka ya ukame kuwalazimisha wafugaji kuuza hata majike. Miongoni mwa wanaofanya kazi katika viwanda vya nyama vya prairi wamo watu kutoka Mexico na Guatemala, na wamo Wasomali, ambao wengi waliohamia Marekani walipitia kambi za wakimbizi za Kenya. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili mwenye ndugu au rafiki katika mji kama Lexington ana sababu ya kufuatilia habari za vilima asivyovijua. Malisho yakikosa watu wa kuyatunza, kazi inapotea maili nyingi kutoka hapo, kwa mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Arthur. Anayesema mji unalilipia shamba na asiseme shamba linaupa mji nini, ametoa nusu ya risiti.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi mitandaoni: ile ramani ya Marekani iliyojaa rangi nyekundu, rangi ya chama cha Republican, na maelezo kwamba ardhi tupu inawatawala watu. Wapiga kura wa Arthur ni Warepublican kwa wingi mkubwa kweli, lakini uzito wao ni wa watu 434. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani iamue mwaka 1964 kwamba majimbo ya uchaguzi ndani ya mabunge ya majimbo yalingane kwa idadi ya watu, kaunti hii inashiriki seneta mmoja na kaunti nyingine nyingi katika bunge la Nebraska la wajumbe 49. Katika uchaguzi wa rais, Nebraska hutoa baadhi ya kura zake kwa wilaya, ndiyo maana Omaha, jiji kubwa la jimbo, huweza kwenda njia yake bila kuulizwa na Sandhills. Upendeleo uliopo katika Seneti ya Washington ni wa jimbo zima, Omaha na Lincoln zikiwamo. Mwenye shida na Seneti apambane na Seneti. Kuichukia kaunti kwa sababu ya rangi yake kwenye ramani si uchambuzi.

Hoja ya nne inastahili heshima kwa sababu ilitoka kwa watu walioitazama prairi kwa makini. Mwaka 1987 Frank na Deborah Popper, wasomi wa Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, walipendekeza sehemu kubwa ya tambarare, maili za mraba zipatazo 139,000, irudishwe kuwa nyika ya pamoja ya baisani kwa kuwa watu walikuwa wakiondoka hata hivyo. Wakazi walikasirika sana, na kwa sehemu walikosea kukasirika, maana upungufu wa watu walioutabiri ulitokea katika kaunti nyingi. Lakini pendekezo lile lilidhani majani hujitunza yenyewe. Leo mti wa mwerezi mwekundu unavamia malisho ya Nebraska kutoka mashariki, na dawa yake mojawapo ni kuchoma nyika kwa mpangilio. Moto wa namna hiyo hauwashwi na mtu mmoja. Unahitaji majirani kumi wenye magari ya maji, wanaojua upepo wa eneo lao na wanaoaminiana. Ranchi za baisani za tajiri Ted Turner, ambazo zimo humohumo Sandhills, zimeonyesha kwamba mnyama yule anaweza kurudi bila kijiji kufutwa.

Hapa tunafika kwenye kipimo chenyewe. Katika miaka ya 1930 ni kama shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme Marekani, kwa kuwa kampuni binafsi zilihesabu wateja kwa kila maili ya waya na kuona hailipi. Serikali ya Franklin Roosevelt, kuanzia mwaka 1935, iliacha kuhesabu hivyo. Ilikopesha vyama vya ushirika wavute waya hadi nyumba ya mwisho, na leo Nebraska ndiyo jimbo pekee ambalo umeme wake wote unasambazwa na mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mwaka 1997 bunge la Marekani lilifanya jambo la aina hiyohiyo kwa hospitali: hospitali ndogo ya vijijini, yenye vitanda vichache na iliyo mbali na nyingine, ililipwa na Medicare, bima ya wazee, kwa gharama halisi, badala ya kulipwa kwa idadi na aina ya wagonjwa. Nebraska ina zaidi ya hospitali 60 za namna hiyo. Arthur yenyewe haina hospitali. Iliyo karibu iko Ogallala, maili zipatazo 35 juu ya ile barabara ya 61. Mtu akipatwa na kiharusi ranchini, uhai wake hautegemei kuna wagonjwa wangapi wa kiharusi katika kaunti kwa mwaka. Unategemea kama kuna watu wawili waliofunzwa, ambulensi inayowaka, na taa zilizowashwa mwisho wa safari. Gharama ya kuwa tayari ni ileile, waje wagonjwa watatu au mia tatu. Sheria ya 1997 ilielewa hilo. Makato ya Medicaid hayaelewi, maana anayekosa bima haingii mpaka amezidiwa.

Kuna hatari moja ambayo hata fedha za afya haziigusi, nayo ni umiliki wa ardhi. Uchache wa watu ukiwa wa familia zinazoishi kwenye ardhi yao, shule ina watoto na kikosi cha zimamoto cha kujitolea kina watu. Ukiwa wa mashamba ya wawekezaji walio mbali na meneja mmoja, idadi ya ng'ombe inabaki ileile na kijiji kinakwisha. Wananchi wa Nebraska waliliona hilo mapema: mwaka 1982 waliingiza katika katiba ya jimbo marufuku ya makampuni kumiliki mashamba, isipokuwa ya kifamilia. Mahakama za shirikisho ziliiangusha marufuku hiyo, mahakama ya rufaa ikikazia hukumu Desemba 2006, kwa sababu iliwabagua watu wa majimbo mengine kibiashara. Sina ugomvi na sheria iliyosomwa. Nina ugomvi na ukweli kwamba karibu miaka ishirini imepita na hakuna kitu cha uzito uleule kilichowekwa mahali pake, huku bei ya malisho ikipanda hadi kijana aliyezaliwa ranchini asiweze kuinunua hata nusu ya ranchi ya baba yake kwa mapato ya ng'ombe. Wanaosema vijana hukimbia prairi kwa kupenda taa za mjini wakaulize kwanza bei ya ekari.

Nikirudi kwenye kipimo, mgawo wa mfuko wa bilioni 50 unanitia wasiwasi kuliko ukubwa wake. Nusu ya fedha inagawanywa sawa kwa majimbo yaliyokubaliwa, bila kujali jimbo lina vijiji vingapi. Kipimo hicho si cha watu wala si cha umbali. Ni cha mipaka ya majimbo tu. Nusu ya pili inategemea mambo kadhaa, pamoja na mipango ambayo jimbo limeahidi. Na mfuko wote unaisha mwaka 2030, wakati sehemu kubwa ya makato ya Medicaid itakuwa ndiyo kwanza inauma. Nebraska ikitumia fungu lake kununua programu za kompyuta na kuwalipa washauri, ripoti zitapendeza, na gari la wagonjwa la kujitolea litaendelea kutegemea mtu mwenye umri wa miaka 65 anayeamka saa nane usiku bila malipo. Yapo mambo matatu ninayodhani wajumbe wa bunge la jimbo wanapaswa kuyadai hadharani sasa, kabla mikataba haijasainiwa yote. Kwanza, kila dola ya mfuko ipimwe kwa dakika: mgonjwa wa ranchi ya mbali atafika kwa daktari kwa muda gani kabla na baada ya matumizi hayo. Pili, wahudumu wa ambulensi vijijini walipwe kwa saa wanazokuwa zamu, wito uwepo au usiwepo, na kodi ya jimbo iendeleze malipo hayo baada ya 2030. Tatu, zahanati yoyote inayotaka kufunga kwa sababu ya hasara itangaze miezi kadhaa mapema na ionyeshe hesabu zake, ili watu wa Curtis yeyote ajaye wasibaki kubishana kama waliofungiwa walifungiwa na sheria mpya au na deni la zamani.